Bei ya jina: kwa nini matajiri hulipa ili watajwe na watu mashuhuri

Panda teksibasi kwenye soko la Kenya uelekee katikati ya mji wa Lubumbashi. Kama dereva amefungua redio, hutakosa wimbo wa Kinshasa. Sikiliza vizuri. Kabla kiitikio hakijaisha, mwimbaji anaanza kutaja watu: mfanyabiashara fulani wa Lubumbashi, mheshimiwa fulani, mwanajeshi mwenye cheo, mama fulani mwenye duka la vitambaa, kijana fulani anayeishi Paris au Brussels. Majina hayo hayana uhusiano wowote na hadithi ya wimbo. Wimbo unasimulia mapenzi yaliyovunjika, na katikati ya machozi unatajiwa jina la mwenye malori. Wengi wetu tumezoea hata hatusikii tena. Watoto wetu wanayajua majina hayo kwa moyo kuliko wanavyozijua Zaburi.

Desturi hii inaitwa libanga, na wingi wake ni mabanga. Kwa Kilingala neno hilo maana yake ni jiwe. Mwimbaji anayetaja jina husemwa kuwa ametupa jiwe, na aliyetajwa amelipa au anatarajiwa kulipa. Neno hilohilo hutumika kwa mtu anayehangaika kutafuta riziki: anavunja mawe. Kwetu Katanga, ambako vijana wetu wanabeba magunia ya mawe halisi kutoka mashimo ya Kolwezi, Kambove na Likasi hadi kwenye depo za wanunuzi, mfano huo hauhitaji maelezo. Jiwe moja linauzwa kwa kilo, na jiwe lingine linauzwa kwa sekunde.

Swali letu ni hili. Mtu mwenye akili ya biashara, anayejadiliana bei ya saruji mpaka jua linazama, kwa nini anatoa dola nyingi ili jina lake litajwe mara mbili katika wimbo? Na huko ng'ambo, kwa nini benki kubwa inamlipa kiongozi mstaafu fedha za kujenga shule nzima ili azungumze nusu saa, maneno ambayo yangeweza kusomwa bure gazetini? Tunauliza kwa sababu jambo hili limekwisha kuingia ndani ya makanisa yetu, na halmashauri nyingi zitalikuta mezani wakati wa kupanga sikukuu ya mavuno.

Tuanze na mambo ya zamani, maana si haki kusema kwamba kulipa kwa ajili ya kusifiwa kumeletwa na mitambo ya kurekodi. Waluba wana kasala. Mwenye kipaji cha kasala husimama kwenye msiba, kwenye arusi au mbele ya mkubwa, akaita ukoo wa mtu, mababu zake, mito waliyovuka na matendo waliyotenda, na wanaosikiliza humpa zawadi. Fedha zimo. Lakini kasala linamfunga yule anayesifiwa. Ukiitwa mjukuu wa fulani aliyelisha kijiji wakati wa njaa, umekumbushwa deni. Watu wote wamesikia wewe ni wa nani na unatazamiwa nini. Mwimbaji naye lazima akujue, akijue na kizazi chako, la sivyo wazee watamcheka. Libanga halihitaji kujua chochote. Linahitaji jina, pengine na mji unapoishi, na uthibitisho kwamba fedha zimefika.

Kati ya kasala na libanga kulikuwa na hatua nyingine. Mwaka 1973 Franco na OK Jazz walitoa wimbo "Azda", ambao ulikuwa tangazo la kampuni iliyouza magari ya Volkswagen mjini Kinshasa. Watu wakaucheza Afrika nzima bila kujali kwamba wanacheza tangazo. Mwaka 1984 Franco huyohuyo akatoa "Candidat na biso Mobutu", wakati wa uchaguzi ambao ulikuwa na mgombea mmoja tu. Wakati ule wenye uwezo wa kununua sauti kubwa namna hiyo walikuwa kampuni na dola. Mtu binafsi alikuwa bado mdogo.

Kilichobadilisha mambo ni umaskini. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufika mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ikakauka. Uporaji wa 1991 na wa 1993 ukamaliza maduka na viwanda vilivyokuwa vimebaki. Kaseti za wizi zikaua biashara ya muziki, kwa maana mwanamuziki alitoa wimbo leo na kesho ulikuwa umenakiliwa katika kila kibanda. Haki za utunzi hazikuwafikia wenye nyimbo, na malalamiko hayo yapo mpaka leo. Nani alikuwa na fedha? Wachuuzi wa almasi, vijana waliovuka mpaka kwenda kuchimba Lunda nchini Angola, maofisa wa jeshi, na Wakongo waliokwenda Ulaya na kutaka nyumbani wajue kwamba wamefaulu. Hao ndio waliokuwa mshahara wa mwanamuziki. Mtafiti Joe Trapido, katika kitabu chake cha mwaka 2017 juu ya muziki wa Kinshasa na Paris, ameueleza uchumi huo kwa urefu, na kitabu chenyewe amekiita "Breaking Rocks", yaani kuvunja mawe.

Kwa hiyo tusiwarushie waimbaji lawama zote. Mtu ambaye kazi yake inaibwa mchana kweupe atauza kile ambacho hakiwezi kuibwa, nacho ni mdomo wake.

Lakini hilo linaeleza kwa nini mwimbaji anauza. Halielezi kwa nini tajiri ananunua.

Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni majivuno, na ni jibu la uvivu kidogo. Majivuno yapo kwa maskini vilevile. Tutazame kwanza kinachonunuliwa. Kila msikilizaji anajua kwamba majina katika wimbo yamelipiwa. Hakuna anayedhani kwamba mwimbaji anampenda mwenye malori. Sifa ambayo kila mtu anajua imenunuliwa ingetakiwa isiwe na thamani, kama noti ambayo kila mtu anajua ni ya bandia. Hata hivyo bei haishuki. Sababu ni kwamba libanga si sifa, ni risiti. Linawaambia watu kwamba huyu aliweza kulipa kiasi ambacho wewe huwezi, kwa kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi, na kesho yake bado anakula vizuri. Mwaka 1899 Mmarekani Thorstein Veblen aliandika kitabu kizima juu ya matajiri wanaotumia fedha hadharani kwa mambo yasiyo na faida, na alieleza kwamba upotevu wenyewe ndio ushuhuda wa utajiri. Angeishi Kinshasa angemaliza kitabu chake mapema zaidi.

Katika mji ambamo vitabu vya hesabu havionekani na benki haziaminiki, risiti ya namna hiyo ina kazi halisi. Anayetaka kukopesha, kuoza binti au kuingia ubia anataka kujua nani bado amesimama. Jina likisikika, milango inafunguka. Jina lisiposikika katika albamu mpya wakati la mshindani limetajwa mara tatu, watu wanaanza kuulizana kama mambo yameharibika. Hapo hofu inaingia. Wako wanaolipa bila furaha yoyote, kama vile mtu anavyolipa ulinzi. Na waimbaji wanaijua hofu hiyo. Mara nyingine jiwe linatupwa kwanza, bila makubaliano, kisha wajumbe wanabisha hodi nyumbani kwa aliyetajwa. Atasema nini? Jina limekwisha toka.

Biblia inatupa picha ya jambo hili mahali ambapo hatuisomi kwa mtazamo huo. Katika Marko sura ya 6, Herode anafanya karamu ya siku ya kuzaliwa kwake na kuwaalika wakubwa wake, majemadari na watu wa cheo wa Galilaya. Binti anacheza. Mfalme anaahidi malipo ambayo hayana akili, mpaka nusu ya ufalme. Anapoombwa kichwa cha Yohana anahuzunika, maana alimheshimu. Kwa nini hakurudi nyuma? Marko anaeleza sababu katika mstari wa 26: viapo vyake na wale walioketi karamuni. Ngoma ilikuwa ya binti, lakini malipo yalielekezwa kwa wageni. Mbele yao Herode hakuweza kuonekana mdogo. Angekuwa peke yake na binti yule, asingetoa hata mbuzi.

Basi tukitaka kujua kwa nini fedha nyingi zinalipwa kwa hotuba au kwa wimbo, tumtazame kidogo anayepanda jukwaani, kisha tuwatazame zaidi walioketi.

Twende ng'ambo tukajaribu kipimo hiki. Mwaka 1989, miezi michache baada ya kuondoka madarakani, Ronald Reagan alikwenda Japani kwa mwaliko wa kampuni ya habari ya Fujisankei. Alitoa hotuba mbili fupi, na malipo ya safari yalikuwa dola milioni 2. Mwaka 2013 Hillary Clinton alitoa hotuba tatu kwa benki ya Goldman Sachs akalipwa dola 675,000. Watu waliuliza alisema nini cha thamani hiyo. Lakini benki haikuhitaji maneno. Benki ina wateja wenye fedha nyingi na muda mchache, ambao wakialikwa kumsikiliza meneja watatuma msaidizi, na wakialikwa kula meza moja na mtu aliyekuwa waziri wa mambo ya nje watakuja wenyewe. Anayehutubu ni chambo. Samaki ni wageni. Wakishakaa pamoja jioni moja, mikataba itakayotoka hapo inaweza kulipa hotuba mara mia. Tena fedha si za mfuko wa mkurugenzi. Ni za kampuni, na zinaandikwa kwenye hesabu kama gharama za kazi. Mtu hutumia kwa urahisi fedha ambazo si zake, jambo ambalo sisi Wakongo hatuhitaji kufundishwa na Wamarekani.

Kuna kisa kimoja kilichotugusa kwa karibu. Mwaka 2015 zilitolewa hadharani barua pepe kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ndani yake ilionekana kwamba mwaka 2012 Bill Clinton alikuwa amepata mwaliko wa kuhutubu Brazzaville kwa dola 650,000, mbele ya marais wa Kongo zote mbili, Denis Sassou Nguesso na Joseph Kabila. Kati ya masharti yaliyotajwa lilikuwamo la kupiga picha na viongozi hao. Ofisi yake iliuliza wizara ina maoni gani, na hotuba hiyo haikutolewa. Sisi tunalisoma sharti la picha kuliko kiasi cha fedha. Hotuba ingesahauliwa baada ya wiki. Picha ingetundikwa ukutani miaka kumi, na kila mgeni angeiona kabla hajaketi. Picha na mtu anayependwa duniani ni sabuni.

Na sabuni hununuliwa zaidi na mwenye doa. Watoto wa Muammar Gaddafi wa Libya walikuwa wanawalipa waimbaji wa Marekani na Kanada kwa sherehe zao binafsi. Mwaka 2011, Walibya walipoinuka, Nelly Furtado alitangaza mwenyewe kwamba mwaka 2007 alilipwa dola milioni 1 na familia hiyo kwa kuimba dakika 45 katika hoteli moja nchini Italia, na kwamba fedha hizo atazitoa sadaka. Desemba 2013 Mariah Carey aliimba Luanda, kwa jirani zetu Angola, katika hafla ya Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Isabel dos Santos, binti wa rais. Watetezi wa haki za binadamu walipiga kelele. Onyesho lilikuwa la huruma kwa maskini, na picha zikabaki za familia ya rais.

Sisi wenyewe tulilipa mapema kuliko wote hao. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa, na kila mmoja alikuwa ameahidiwa dola milioni 5, ahadi iliyosimama juu ya mgongo wa serikali ya Mobutu. (Tamasha la muziki la Septemba, lile la James Brown na Miriam Makeba, liligharimiwa na wawekezaji kutoka Liberia, watu huchanganya mambo hayo mawili.) Wakati ule jimbo letu liliitwa Shaba, na fedha za kigeni za nchi zilitoka kwa sehemu kubwa katika madini yetu. Bei ya shaba, iliyokuwa juu sana mwanzoni mwa 1974, ilikuwa inaporomoka mwaka huohuo. Hatusemi kwamba masumbwi ndiyo yaliyoiangusha Zaire; kulikuwa na makosa makubwa zaidi. Tunasema tu kwamba mchimbaji wa Kipushi alikuwa mmoja wa waliolipia jina la Zaire litajwe duniani, na hakuulizwa.

Miaka 50 baadaye, wimbo haujabadilika sana. Januari na Februari 2025 Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23. Waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia timu za Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain akizitaka ziache kuvaa jina la Rwanda. Katika wiki hizohizo mwimbaji wa Naijeria, Tems, alifuta onyesho lake la Kigali, na Mmarekani John Legend akaimba pale tarehe 21 Februari, siku chache tu baada ya Bukavu. Wengi wetu tuliona kwamba waziri alisema kweli: jina juu ya kifua cha mchezaji linaweza kufunika sauti ya waliofukuzwa nyumbani kwao. Kisha katikati ya mwaka huohuo serikali yetu wenyewe ikatia sahihi mikataba na Monaco, AC Milan na Barcelona, ili jina la Kongo livaliwe. Kwa Barcelona peke yake vyombo vya habari viliandika zaidi ya Euro milioni 40 kwa miaka 4. Serikali ilieleza kwamba ni kutangaza utalii na utamaduni. Ndugu zetu wa Kivu waliolala chini ya maturubai walikuwa na haki ya kuuliza mtalii huyo atapita barabara gani.

Tukiri pia kwamba si kila fedha ya mkubwa inayotafuta kupendwa inapotea hewani. Uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo uko wazi tangu 2011, na hata asiyempenda Moïse Katumbi kisiasa anaweza kununua tiketi na kuketi humo. Kitu kikibaki ambacho maskini anaweza kukikalia, tunaongea kwa adabu kidogo.

Sasa, tumefika mahali ambapo tunataka kusimama zaidi. Nyota anapouza jina lake kwa tajiri, anauza kitu gani hasa? Si sauti; wako waimbaji wazuri katika kwaya zetu ambao hakuna anayewalipa hata nauli. Anauza upendo ambao watu wamempa. Dereva wa teksibasi, mama anayeuza chikwangue, mwanafunzi anayeimba njiani, wote wamemfanya awe mkubwa kwa kumpenda, bila malipo. Tajiri hana upendo huo, na hawezi kuununua kwao moja kwa moja, kwa kuwa ni wengi na wanamfahamu. Anaununua kwa jumla kwa yule aliyekwisha kuukusanya. Kwa hiyo masikio yetu ndiyo mgodi, na sisi, kama kawaida ya Katanga, tunabaki na shimo. Hilo halitufanyi tuwe na hatia kwa kupenda muziki. Lakini linatuonyesha kwamba hatuko nje ya biashara hii tukitazama kwa mbali. Heshima tunayompa mtu ni mali, na inafaa kujua nani anaichukua akaenda kuiuza.

Tukielewa hivyo, hali ya makanisa yetu inaonekana kwa sura nyingine.

Tunazungumza juu ya mambo ambayo kila msomaji ameyaona. Sikukuu ya mavuno imefika. Mshehereshaji ana kipaza sauti. Anaita majina: Papa fulani, dola mia mbili, makofi! Mama fulani, mia moja, makofi! Kisha anamtazama mtu aliyeketi mbele na kusema kwamba tunamsubiri, tunajua Mungu amembariki. Jiwe limetupwa. Yule mtu hakuwa amepanga, au alikuwa ameahidi ada ya shule ya mpwa wake, lakini jina limekwisha toka na waumini wote wamegeuka kumtazama. Kuna tofauti gani na mjumbe wa mwimbaji anayebisha hodi? Sisi hatuioni.

Au jumuiya inataka kujenga. Inaamua kumwalika mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za injili kutoka Kinshasa. Kuna ujira wake, kuna tiketi za ndege zake na za wanamuziki wake, kuna hoteli, kuna kukodi vyombo vya sauti. Nani atagharimia? Anatafutwa mfadhili. Mfadhili anakubali, na hatakosa kiti cha mbele, picha na mwimbaji, jina kwenye bango, na dakika tano za kusalimu watu wa Mungu. Mwaka wa uchaguzi dakika hizo tano zinakuwa ishirini. Mwisho wa siku hesabu inafanywa, na mara nyingi matofali ni machache kuliko ilivyotarajiwa. Lakini mfadhili hakupata hasara. Alinunua waliokuwa wameketi.

Mfalme Balaki alijua thamani ya mdomo wenye jina. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22 hadi 24, anatuma wazee wenye ujira mkononi wamlete Balaamu aje alaani Israeli. Balaamu anapokataa, Balaki haulizi kwa nini. Anatuma wakuu wengi zaidi na wa heshima zaidi, na kuongeza ahadi. Kwake kukataa ni bei ambayo haijafikiwa. Na Mika, katika sura ya 3 mstari wa 11, anawashtaki makuhani wanaofundisha kwa ujira na manabii wanaobashiri kwa fedha, huku wakijitia moyo kwamba Bwana yu pamoja nao. Maneno hayo hayakuelekezwa kwa wanamuziki wa baa.

Kenya imekuwa na mabishano makali juu ya jambo hili, na tunafaa kujifunza kwao. Septemba 2021, katika ibada ya Butere alipowekwa wakfu Rose Okeno, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Kanisa la Anglikana nchini humo, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alikataa kuwapa wanasiasa waliohudhuria nafasi ya kuhutubu, ingawa walikuwa wakubwa wa nchi. Waliketi, waliabudu, waliondoka. Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alirudisha mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto, zikiwamo shilingi milioni 2 za nyumba ya padre na 600,000 za kwaya na baraza la wamisionari wa parokia. Fikirieni ile kwaya. Shilingi 600,000 zilikuwa zimekwisha tajwa mbele ya watu. Huenda walikuwa wamekwisha chagua kitambaa cha sare. Kukataa fedha kuna gharama, na anayeilipa si askofu peke yake.

Wako watakaosema: tusiposoma majina, sadaka zitapungua. Inawezekana, hasa mwaka wa kwanza. Watu tuliowazoesha makofi watayakosa. Lakini tuangalie pia jinsi watu wanavyotoa pasipo kipaza sauti. Katika miaka hii ya vita, familia za mashariki zimewafungulia milango wakimbizi, watu kumi na watano katika vyumba viwili, na hakuna aliyeimbiwa. Mama wa Luka 21 alitoa senti mbili, Bwana akamwona, na Luka hakutuandikia jina lake. Uwezo wa kutoa bila kutajwa upo kwa watu wetu. Sisi viongozi ndio tunaokimbilia njia ya mkato.

Na tusije tukaangukia upande wa pili, tukaanza kuwanyima watumishi na waimbaji ujira. Mtenda kazi anastahili malipo yake, na wapo vijana wa kwaya wanaoimba misiba mitatu kwa juma na kurudi nyumbani kwa miguu kutoka Ruashi mpaka Katuba. Kama fedha ipo ya kumpandisha mtu ndege, ipo ya kuwalipia hao nauli. Kumlipa mwimbaji kwa kazi yake, kwa kiasi kinachojulikana, hakuna aibu yoyote. Aibu iko katika ile bei nyingine, ambayo haiandikwi kwenye mkataba: kiti cha mbele, dakika tano na picha.

Kwa hiyo halmashauri itakayoketi kupanga mavuno ya mwaka huu inaweza kuamua mambo madogo tu. Kipaza sauti kibaki kwa ibada. Viti vya mbele viwe vya wazee wasiosikia vizuri na mama wenye watoto wachanga. Mgeni wa siasa aketi anapopata nafasi, asalimiwe kama mgeni mwingine yeyote. Orodha ya michango ibaki kwa mtunza hazina, na kila mtoaji apewe risiti yake mkononi, awe ametoa dola mia tano au franka mia tano. Jumla ibandikwe mlangoni Jumapili inayofuata, na chini ya jumla, kwa mwandiko unaosomeka, kiasi alicholipwa mwimbaji, kilicholipwa kwa vyombo vya sauti, kilicholipwa kwa hoteli, na idadi ya matofali yaliyonunuliwa.